Pete Fenson: Nahodha Aliyelelewa na Barafu ya Bemidji

Mwezi wa Februari mwaka 2006, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipokuwa Torino, Italia, waandishi wa habari walipata kichekesho cha bure. Nahodha wa timu moja ya Marekani, bwana aitwaye Pete Fenson, kazi yake kule kwao Bemidji, Minnesota, ilikuwa kuendesha mkahawa wa piza. Muuza piza kaenda Italia! Habari kama hiyo hujiandika yenyewe, na kweli ikaandikwa, ikarudiwa, mpaka ikawa ndiyo jambo pekee ambalo watu wengi walijua kumhusu.

Mimi nasema walitazama jikoni wakasahau kutazama benchi. Kocha wa timu ile alikuwa Bob Fenson, baba yake mzazi Pete. Na mchezaji wa akiba alikuwa mzee mwenye umri wa miaka 54, Scott Baird, ambaye mwaka 1979 alikuwa nahodha wa timu iliyotwaa ubingwa wa Marekani. Katika timu hiyo ya 1979 alikuwemo nani? Bob Fenson huyohuyo. Pete wakati ule alikuwa mtoto wa miaka 11. Kwa hiyo unapoitazama picha ya timu ya taifa ya Marekani ya mwaka 2006, unatazama baba, mwana, na rafiki wa baba aliyemwona mwana akikua. Bendera waliyoshonewa kifuani ilikuja baadaye sana.

Mchezo wenyewe unaitwa kalingi. Najua kuna wanaonisikiliza ambao hawajawahi kuuona, na wengine waliuona kwenye televisheni usiku wa manane wakadhani mitambo imeharibika: watu wazima, wamevaa suruali nadhifu, wanakimbia mbele ya jiwe wakifagia barafu kwa nguvu zote. Naomba dakika chache niueleze, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kwa nini mchezo huu unakaa ndani ya familia namna hii.

Kuna kiwanja chembamba cha barafu, urefu wake kama mita 45, upana wake haufiki mita 5. Mwisho wa kiwanja pamechorwa miduara, mmoja ndani ya mwingine, wa nje ukiwa na kipenyo cha mita 3 na sentimita 66. Wenyewe huiita nyumba. Timu ina watu wanne, kila mmoja ana mawe mawili, kwa hiyo timu moja ina mawe 8 na nyingine 8. Jiwe ni la graniti, limesuguliwa likang'aa, lina mpini juu, na uzito wake hukaribia kilo 20. Mawe ya mashindano makubwa hutoka katika kisiwa kidogo cha Scotland kiitwacho Ailsa Craig, ambacho hakina mkazi isipokuwa ndege wa baharini. Mchezaji anajisukuma kwa mguu, anateleza na jiwe lake, kisha analiachia. Mawe yote 16 yakishatupwa, yule ambaye jiwe lake liko karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiye anayepata pointi, na anaweza kupata zaidi ya moja kama mawe yake mawili au matatu yako karibu kuliko la kwanza la mwenzake. Hiyo ni raundi moja. Olimpiki wanacheza raundi 10. Mchezo mmoja huchukua muda wa saa mbili na nusu au zaidi.

Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza. Barafu ile si laini kama kioo. Kabla ya mchezo, fundi wa barafu hutembea kinyumenyume akiwa amebeba chombo cha maji mgongoni, mkononi ana mrija wenye kichwa chenye matundu, anarusha vitone vya maji kulia na kushoto. Vitone vinaganda vikawa vipele. Jiwe nalo, kwa chini, limechongwa likaingia ndani, kwa hiyo linagusa barafu kwa pete nyembamba tu, linapita juu ya vipele. Ndiyo maana kitu cha kilo 20 kinaweza kwenda mbali vile kwa msukumo mdogo wa mkono. Lakini vipele vinasagika. Raundi ya kwanza barafu ina tabia moja, raundi ya saba ina nyingine. Pembeni ambako mawe hayapiti sana, bado ni pazito. Katikati pamekuwa pepesi. Ukumbi ukijaa watu, joto la miili yao nalo linaingia kwenye hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo unaweza kulijaribu hapo ulipo. Chukua bilauri, igeuze kichwa chini, isukume juu ya meza laini huku ukiizungusha kuelekea kulia. Utaona inapinda kwenda kushoto. Jiwe la kalingi, ukilizungusha kulia, linapinda kulia. Kinyume kabisa. Wanafizikia wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na hoja zao hazijakwisha. Ila watoto wa Bemidji hawakusubiri jibu. Walijua tu kwamba jiwe likizungushwa hivi litakwenda hivi, na leo litapinda kidogo zaidi ya jana.

Na hao wanaofagia? Wanaisugua barafu ipate joto kidogo, jiwe liende mbali zaidi na lipinde kwa kuchelewa. Wafagiaji wazuri wanaweza kuliongezea jiwe mita kadhaa. Hawawezi kulirudisha nyuma. Kwa hiyo nahodha, aliyesimama upande wa pili ndani ya nyumba, ana sekunde chache za kuamua: fagieni, acheni, fagieni tena! Anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Yeye ndiye aliyechagua shabaha, yeye ndiye anayesoma barafu, na kwa kawaida yeye ndiye anayetupa mawe mawili ya mwisho. Timu ikipoteza kwa jiwe la mwisho, hana pa kujificha.

Haya, turudi Bemidji.

Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, watu wake hawafiki 15,000. Wenyeji hujivunia kwamba mto Mississippi, ukitoka tu kwenye chanzo chake, mji wa kwanza kukutana nao ni wao. Kando ya ziwa pamesimama tangu 1937 sanamu mbili kubwa zisizopendeza sana, naomba radhi kwa watu wa Bemidji: mkata magogo wa hadithini aitwaye Paul Bunyan na ng'ombe wake wa rangi ya buluu. Majira ya baridi huko ni ya kweli. Ziwa huganda mpaka watu wakaendesha magari juu yake, na ndugu zetu wengi kutoka Kenya walioweka makazi Minnesota wanaweza kukupa ushahidi wa baridi hiyo kwa simu moja tu. Katika miezi kama hiyo, mji mdogo unahitaji mahali pa kukutana penye paa na kahawa. Bemidji, mahali hapo ni klabu ya kalingi.

Mchezo ulifikaje huko? Uliletwa na Waskoti. Walipohamia Amerika ya Kaskazini waliubeba, ukaota mizizi Kanada kuliko popote duniani, na upande wa Marekani ukashika zaidi kwenye majimbo ya kaskazini yanayopakana au kukaribiana na Kanada: Minnesota, Wisconsin, North Dakota. Klabu ya Milwaukee ilianza mwaka 1845. Klabu hizi nyingi huendeshwa na wanachama wenyewe. Mwanachama analipa ada, anapanga ligi, anapika, anafagia ukumbi, na jioni anacheza. Mtoto anakuja kwa sababu mzazi wake amekuja na hakuna wa kumwachia. Anakaa nyuma ya kioo, anatazama, anachoka, anaomba ajaribu.

Hapo ndipo ukoo unapoingia, na sidhani ni suala la damu. Mchezo huu, kwa sehemu kubwa ya historia yake Marekani, haukuwa na mshahara. Hakukuwa na wakala wa kuzunguka shuleni akitafuta vipaji, wala chuo kikuu cha kukulipia karo kwa sababu unajua kutupa jiwe. Hakuna anayeingia kalingi kwa kufuata fedha. Kama hakuna soko la kukuita, nani atakuita? Baba, mama, shangazi, jirani. Kwa hiyo ukipitia orodha ya mabingwa wa Marekani utakuta majina ya ukoo yanajirudia kana kwamba umefungua kitabu cha ndoa cha kanisa la kijijini.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote uko Superior, Wisconsin, kwa akina Somerville. Mwaka 1965, Raymond Somerville, ambaye kila mtu alimwita Bud, aliongoza timu yake mpaka Perth, Scotland, akarudi na ubingwa wa dunia. Kabla ya hapo hakuna timu iliyowahi kuutwaa isipokuwa ya Kanada. Akautwaa tena mwaka 1974 huko Bern, Uswisi. Halafu sikiliza hili: mwaka 1992, kalingi ilipochezwa kama mchezo wa maonyesho kwenye Olimpiki ya Albertville, Ufaransa, nahodha wa Marekani alikuwa Bud Somerville yuleyule, sasa na miaka 55, na katika timu yake alikuwemo mwanawe Tim. Wakamaliza nafasi ya tatu. Miaka kumi baadaye, Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, Tim Somerville ndiye aliyekuwa nahodha wa Marekani. Timu yake ilishinda mechi 3 kati ya 9, haikufika mbali.

Na wanawake vilevile. Debbie McCormick, aliyeiongoza timu ya kwanza ya wanawake wa Marekani kutwaa ubingwa wa dunia, Winnipeg, Kanada, mwaka 2003, ni binti wa Wally Henry, mcheza kalingi na kocha aliyetoka Kanada. Baba alikuwa kocha wa binti yake hata kwenye Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010. Bingwa wa dunia huyo, nyumbani, aliajiriwa katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi.

Sasa Pete. Alizaliwa tarehe 29 Februari 1968, yaani siku inayotokea mara moja kila miaka minne, na ukitaka kusema ni ishara ya Olimpiki sema wewe, mimi sitasema. Alikulia kwenye klabu ambayo baba yake alikuwa mmoja wa vigogo wake. Miaka ya 1993 na 1994 alikuwa bingwa wa Marekani, lakini hakuwa nahodha. Nahodha alikuwa Scott Baird. Naomba tusimame hapa, kwa sababu hapa ndipo pana siri ya mambo. Kijana wa miaka 25, mwenye kipaji, mtoto wa bingwa, hakuanzisha timu yake ya vijana wa rika lake aende kuvimba kifua. Aliwekwa chini ya mzee. Alitupa mawe yake, akafagia mawe ya wengine, akatazama namna mtu mzima anavyofikiri raundi ya tisa timu ikiwa nyuma kwa pointi moja na jiwe la mwisho liko mkononi mwa mpinzani.

Hilo jiwe la mwisho wachezaji huliita nyundo. Ukiwa na nyundo raundi hii na ukapata pointi, raundi ijayo nyundo inakwenda kwa mpinzani. Kwa hiyo kupata pointi moja tu wakati una nyundo ni kama hasara. Bora wakati mwingine mawe yote yafutwe nyumbani, pasiwe na pointi, ubaki na nyundo yako. Anayejua bao ataelewa haraka: kuna kula kunakokuponza. Na hesabu hizi haziko wazi kama zinavyosikika redioni, maana zinategemea barafu ya siku hiyo, mkono wa mwenzako wa pili kama unatetemeka leo, na tabia ya nahodha wa upande wa pili. Fenson alipata miaka ya kuzisoma hesabu hizo akiwa hajabebeshwa lawama yake.

Mwaka 2003 akawa bingwa wa Marekani kama nahodha. Timu yake ilikuwa na ndugu yake Eric, na vijana wawili wa mji wa Chisholm, sehemu ya machimbo ya chuma ya Minnesota: Shawn Rojeski, na mwingine mdogo kabisa, miaka 20, jina lake John Shuster. Likumbuke jina hilo. Walikwenda Winnipeg kwenye mashindano yaleyale ya dunia ambako Debbie McCormick alitwaa ubingwa upande wa wanawake.

Kisha timu ikabadilika. Ilipofika mwaka 2005, nafasi ya Eric ilikuwa na mtu mwingine, Joe Polo. Mambo ya ndani ya familia ni ya ndani ya familia, siyaingilii. Nasema tu kwamba wanaodhani timu za ukoo huenda kwa upendeleo waitazame timu hii: iliyokwenda Olimpiki ilikuwa na Fenson mmoja tu barafuni. Shuster alitupa mawe ya kwanza, Polo ya pili, Rojeski ya tatu, Pete ya mwisho. Baba alibaki kocha.

Mashindano ya mchujo ya mwaka 2005, yaliyoamua nani aende Torino, yalitoa jambo la ajabu kidogo. Timu ya wanaume iliyoshinda ilitoka klabu ya Bemidji. Na ya wanawake je? Bemidji pia! Nahodha wake alikuwa Cassie Johnson, akicheza pamoja na dada yake Jamie, nao wa familia ya kalingi. Nchi yenye watu karibu milioni 300, na timu zake mbili za Olimpiki zinatoka jengo moja katika mji usiofika watu 15,000. Ukitaka kujua mchezo huu unavyorithishwa, huhitaji utafiti mwingine.

Torino, au kwa usahihi Pinerolo, mji mdogo jirani ambako ukumbi wa kalingi ulikuwa. Timu kumi, kila moja inacheza na zote. Wamarekani walishinda 6 wakapoteza 3, wakaingia nusu fainali. Huko wakakutana na Kanada ya Brad Gushue, kijana wa Newfoundland. Wakapigwa 11 kwa 5. Sitaipamba: kwenye kalingi, 11 kwa 5 ni kipigo. Gushue akaenda kuchukua dhahabu.

Timu iliyopoteza nusu fainali ina kazi ngumu kuliko zote kwenye michezo. Fainali imekwenda, mwili umechoka, familia iliyosafiri kutoka Minnesota imekaa jukwaani inajitahidi kutabasamu, na bado kuna mechi moja, ya kuamua kama utarudi na kitu shingoni au utarudi na hadithi. Tarehe 24 Februari walicheza na Uingereza, timu ya Waskoti watupu chini ya David Murdoch, yaani watu wa nchi ulikozaliwa mchezo wenyewe. Marekani ikashinda 8 kwa 6. Medali ya shaba. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Marekani tangu kalingi ilipoingizwa rasmi kwenye michezo hiyo huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Fenson alikuwa na miaka 37, akikaribia 38. Mwaka 2006 haukuwa na tarehe 29 Februari, kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa ilipita bila kufika.

Medali ile iliamsha mambo nyumbani. Kituo kimoja cha televisheni cha habari za fedha kilikuwa kikirusha kalingi baada ya soko la hisa kufungwa, na watu wa Wall Street, waliozoea kutazama namba, wakajikuta wakibishana kuhusu nyundo na mawe ya ulinzi. Klabu zikaanza kupokea wageni waliotaka kujaribu. Wengi huja mara moja, wanaanguka, wanacheka, hawarudi. Wachache hubaki, na hao hawana baba wa kuwaonyesha.

Swali la haki ni hili: je, kuzaliwa ndani ya kalingi ni mtaji wa maisha yote? Hapa hadithi ya Fenson inageuka.

Baada ya Torino, Shuster aliondoka, akaunda timu yake mwenyewe. Kijana uliyemfundisha akikuaga ni jambo la kawaida. Ila kwenye mchujo wa Olimpiki ya 2010, aliyeshinda na kwenda Vancouver alikuwa Shuster. Fenson akabaki nyumbani. Vancouver ikawa chungu kwa Shuster: alianza kwa kupoteza mfululizo, akawekwa benchi katikati ya mashindano, timu ikamaliza ya mwisho kwa ushindi 2 na vipigo 7. Mwaka huohuo Fenson alikuwa bingwa wa Marekani, akaiongoza timu yake mpaka nafasi ya nne duniani, huko Cortina d'Ampezzo. Italia ilimpenda, au yeye aliipenda Italia. Watu wakanong'ona kwamba waliopelekwa Vancouver hawakuwa wenyewe.

Kisha Novemba 2013, mji wa Fargo, North Dakota. Fainali ya mchujo kwa ajili ya Olimpiki ya Sochi. Upande mmoja Pete Fenson, upande mwingine John Shuster. Mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja anajua mwenzake atatupa nini kabla hajainama. Shuster akashinda.

Kalingi ina adabu zake, na zinafaa kutajwa hapa. Ukiona huwezi tena kushinda, unavua glavu, unanyosha mkono, unakubali. Hakuna haja ya kusubiri mwamuzi. Mfagiaji akigusa jiwe linalokwenda kwa ufagio au kiatu, hata kama hakuna aliyeona, anatakiwa aseme mwenyewe kwamba nimeligusa. Na mchezo ukiisha kule klabuni, washindi huwanunulia vinywaji walioshindwa, wanakaa meza moja. Jaribu kufikiria jambo hilo kwenye mechi ya watani wa jadi wa soka hapa kwetu. Sheria ziko kitabuni kila mtu azisome, lakini kujitangazia kosa ambalo hakuna aliyeliona, mtoto hulijifunza kwa kumwona baba yake akilifanya Jumanne usiku, mechi isiyo na maana yoyote, halafu akapoteza.

Sochi 2014 Shuster akapoteza tena 7 kati ya 9. Wakati huohuo, Machi 2014, Fenson, umri miaka 46, akatwaa ubingwa wa Marekani kwa mara nyingine, miaka 21 tangu ule wa kwanza chini ya Baird, akaipeleka timu yake Beijing kwenye mashindano ya dunia. Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema: mwaona, ukoo ndio ukoo, huyu mwingine alibahatisha.

Lakini haikuishia hapo. Chama cha kalingi cha Marekani, kikiwa kimechoka na matokeo, kiliandaa mpango mpya wa wachezaji teule, wenye makocha na fedha. Shuster hakuchaguliwa. Akakusanya wenzake ambao nao walikuwa nje ya mpango, Matt Hamilton, John Landsteiner na Tyler George, wakaanza kuzifunga timu za mpango. Februari 2018, Gangneung, Korea Kusini, fainali ya Olimpiki dhidi ya Sweden ya Niklas Edin: raundi ya nane, matokeo 5 kwa 5, Shuster ana nyundo. Akatupa jiwe lililoyatoa mawe mawili ya Sweden na kuacha yake yakihesabiwa pointi tano kwa mpigo. Mechi ikaisha 10 kwa 7. Dhahabu ya kwanza ya Marekani kwenye kalingi ya Olimpiki. Na jukwaani, kwa kituko kidogo, wakavishwa medali zilizoandikwa kwamba ni za kalingi ya wanawake, ikabidi zibadilishwe.

Magazeti ya Marekani yakapenda sana hadithi ya kijana aliyekataliwa akajijenga peke yake. Ni hadithi nzuri, nusu yake kweli. Shuster alipambana, hakuna ubishi. Lakini peke yake? Medali yake ya kwanza ya Olimpiki aliipata akitupa mawe ya kwanza kwenye timu ya Pete Fenson, chini ya ukocha wa Bob Fenson, Scott Baird akiwa benchi. Alikaa meza moja na watu watatu ambao kwa jumla walikuwa wamesoma barafu kwa zaidi ya nusu karne. Na mchezaji wa akiba wa timu ya dhahabu ya 2018, aliyesafiri nao mpaka Korea kwa kazi ileile ambayo Baird aliifanya Italia, alikuwa Joe Polo. Yaani wawili kati ya waliovishwa dhahabu Gangneung walikuwa wale vijana wa Torino.

Naona wakati umeniwahi. Kwa Pete Fenson mwenyewe, hakuna dhahabu ya Olimpiki. Ana shaba, ana mataji ya taifa kuanzia 1993 mpaka 2014, na wanawe nao wamecheza.